Wa PCM Aende Kwenye Leja

Wiki ya usajili ikifika, ushauri ni ule ule. Unatolewa kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, kwenye magrupu ya WhatsApp yanayoanzishwa hata kabla wahusika hawajaonana sura. Anautoa mtu wa mwaka wa tatu, kwa nia njema kabisa, kwa mtoto aliyeshuka kwenye basi juzi na begi lake bado lina vumbi la safari: "Dogo, mwaka wa kwanza usijitie ushujaa. Chukua unachokijua, jenga GPA, mengine utayakuta mbele."

Kwa shahada ya fani moja ningeweza kunyamaza. Lakini ushauri huo hutolewa pia, tena kwa msisitizo zaidi, kwa wanaosoma shahada pacha: teknolojia ya habari pamoja na biashara, menejimenti au uhasibu. Mzumbe wanazo mbili za aina hiyo, TEHAMA na menejimenti, TEHAMA na biashara. Chuo cha Uhasibu Arusha wanafundisha uhasibu pamoja na teknolojia ya habari. Kenya, BBIT ya Strathmore, JKUAT na vyuo vingine imekuwa jina linalotajwa hata na wazazi wasiojua kirefu chake. Kwa mwanafunzi wa shahada hizi nasema bila kuzunguka: ushauri wa "chukua unachokijua" ni sumu. Unaiua shahada katika mwaka ambao ndiyo kwanza inazaliwa.

Tazama ni nani wanaokaa kwenye lile darasa la kwanza. Huku wapo waliotoka PCM, fizikia, kemia na hisabati. Kule wapo wa ECA, uchumi, biashara na uhasibu, ambao hisabati za kidato cha sita wamezigusa kupitia BAM tu, lile somo dogo la hisabati. Katikati wapo wa EGM, uchumi, jiografia na hisabati, na wapo waliopitia diploma. Fomu inawapa wote kozi za lazima, kisha inaacha nafasi mbili au tatu za hiari. Hapo ndipo ushauri wa korido unapofanya kazi yake. Wa PCM anaongeza kozi ya hisabati na kozi nyingine ya programu, kwa sababu hayo anayaweza. Wa ECA anachukua utangulizi wa masoko na uchumi mdogo, kwa sababu madaftari yake ya shule bado anayo. Kila mmoja anapata A yake, na kila mmoja anaufunga mwaka akiwa yule yule aliyeingia getini Oktoba. Wamekaa benchi moja miezi tisa na hakuna aliyevuka kwenda upande wa mwenzake.

Ninachodai ni kinyume cha hapo. Kwenye shahada pacha, nafasi ya hiari ya mwaka wa kwanza itumike kuvuka. Wa PCM aende kwenye leja, akajifunze debiti na krediti kama mtoto anayejifunza kusoma. Wa ECA aende kwenye hisabati za diskriti, zile za seti, mantiki na kuhesabu njia, ambazo juu yake programu zote zimekaa. Aende kila mtu mahali anapoogopa, na aende mwaka wa kwanza, wakati kutojua bado hakujawa aibu.

Nayajua haya kwa kuwa mimi ni wa PCM niliyeusikiliza ushauri wa korido. Misingi ya uhasibu niliikwepa kwa kila njia iliyokuwa halali. Ratiba yangu ilijaa hisabati na programu, matokeo yakawa mazuri, na mshauri wangu wa masomo akasaini fomu akiwa amesimama, funguo za gari mkononi, bila kuniuliza swali hata moja. Miaka michache baadaye nikapewa kazi ya kutengeneza programu ya mikopo kwa SACCOS moja ya watumishi. Mkopo wa mfano ulikuwa shilingi 1,200,000, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Nikazidisha: 24,000 mara 12, riba 288,000. Mstari mmoja wa msimbo. Ulipita majaribio yote, kwa sababu majaribio yenyewe niliyaandika mimi.

Mwezi wa nne akaja ofisini mwanachama mmoja, mwalimu aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, kashika kaunta buku. Alikuwa amechora safu tatu kwa rula: deni lililobaki, riba, rejesho. Mkataba wao ulisema riba itatozwa kwenye salio linalopungua. Mwezi wa kwanza kwenye 1,200,000, wa pili kwenye 1,100,000, hivyo hivyo hadi mwezi wa mwisho kwenye 100,000. Akanionyesha jumla chini ya ukurasa, ameipigia mistari miwili: 156,000. Programu yangu ilikuwa imempangia kila mkopaji wa kiasi hicho shilingi 132,000 zaidi ya alizokubali kulipa. Akaniambia taratibu, kama anayemsaidia mwanafunzi wa nyuma darasani, "Mwanangu, deni likipungua na riba yake hupungua."

Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba hisabati ya jambo lile nilikuwa nayo tangu kidato cha tatu. Jumla ya 1 mpaka 12 ni 78. Zidisha 78 kwa laki moja, chukua asilimia mbili, unapata 156,000 bila kushika kalamu. Jibu nilikuwa nalo kichwani; sikujua kwamba kuna swali. Tofauti ya riba ya moja kwa moja na riba ya salio linalopungua hufundishwa kwenye masomo ya mwanzo mwanzo ya upande wa fedha, upande nilioukimbia kulinda alama.

Kuna upande wa pili wa kisa hiki. Mhasibu wa SACCOS ile alizijua riba hizo mbili kuliko mimi na mwalimu yule tukijumlishwa. Hata hivyo alizipokea ripoti zangu miezi minne mfululizo, akazipiga muhuri, kwa sababu zilitoka kwenye kompyuta. Kompyuta kwake ilikuwa eneo la watu wengine. Yeye aliuogopa upande wangu kama mimi nilivyoukwepa wa kwake, na kati ya woga wa watu wawili waliosoma, fedha za wanachama zikapita. Zilirejeshwa zote, majuma kadhaa baadaye, kwa kazi ya mikono.

Sasa twende kwenye GPA, kwa kuwa ndiyo ngao ya ushauri huu. Nimesikia hata watu wazima wakiitaja kana kwamba ikishatajwa mjadala umefungwa. Tuufungue kwa kalamu. Shahada ya miaka mitatu Tanzania ina krediti za masomo 360. Kozi ya hiari, tuseme, ina 8. Kwenye kipimo kinachotumika vyuo vyetu vingi, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Mchukue basi mtoto wa PCM aliyeiacha A ya uhakika, akaenda kuambulia C kwenye uhasibu. Amepoteza pointi 3 mara 8, yaani 24. Gawa kwa 360: 0.067. Hofu yote ile, vikao vyote vile vya usiku kwenye grupu, ni kwa ajili ya sita iliyo nafasi ya pili baada ya nukta. Akijitahidi akapata B, hasara ni 0.044, na kwenye GPA ya desimali moja pengine isionekane kabisa.

Upande wa pili wa mizani hakuna anayeuwekea kitu. Mwaka wa pili na wa tatu ndiko ziliko kozi nzito: kanzidata, uchambuzi na usanifu wa mifumo, mifumo ya taarifa za kihasibu, usimamizi wa fedha, mradi wa mwisho. Kila moja inadai miguu yote miwili. Chukua kozi tano tu za krediti 12. Mtu akipata C mahali ambapo kwa msingi mzuri angepata B+, amepoteza pointi 2 mara 60, yaani 120. Gawa kwa 360: 0.33. Aliyekuwa na 3.7, daraja la pili la juu, amebaki na 3.37, daraja la pili la chini. Ushauri wa korido unaokoa senti mlangoni na kumwaga shilingi uani, na anayeutoa hajui hivyo kwa kuwa kozi zile nzito kwake bado ni za muhula huu au zimepita juzi tu, na alipofeli alimlaumu mwalimu.

Nitaje na ndugu yake ushauri huo, ule wa "soko linataka nini". Huu huvaa nguo mpya kila baada ya miaka michache. Zama zangu ulisema jaza nafasi zote za hiari kwa Visual Basic na Flash. Visual Basic 6 Microsoft waliacha kuihudumia mwaka 2008. Flash ilizimwa mwisho wa 2020. Sijutii kuyajua yale. Najutia viti vya darasani nilivyoyapa. Lugha ya programu mtu anaweza kujifunza usiku kwa kompyuta ya kuazima na bando la simu, kwa sababu kompyuta yenyewe humsahihisha. Akikosea nukta, inakataa papo hapo. Uhasibu hausahihishi mtu namna hiyo. Ukiwa peke yako chumbani ukaandika upande wa debiti kilichopaswa kwenda krediti, karatasi inapokea tu. Hali kadhalika uthibitisho wa hisabati: unaweza kulala ukiamini umethibitisha, kumbe umezunguka ukarudi ulikoanzia. Masomo ya aina hiyo yanataka mwalimu mwenye kalamu nyekundu, semina ya watu ishirini, na jirani wa kukuuliza "hii umeitoa wapi?" Vitu hivyo mtu huvipata akiwa chuoni, na akishatoka hakuna atakayemkalisha tena kumfundisha leja kutoka mwanzo. Lugha mpya ya programu itamfuata mpaka ofisini, apende asipende.

Wapo wanaosema akili mnemba imeshamaliza ubishi, msimbo utaandikwa na mashine. Sawa. Ule mstari wangu wa riba mashine ingeuandika kwa sekunde mbili, safi, wenye maelezo mazuri pembeni. Nani angeukataa?

Nataka nishuke kwenye jambo dogo kabisa, senti moja, kwa sababu ndiyo inayoonyesha pande hizi mbili zinavyohitajiana. Duka linauza bidhaa 10, kila moja shilingi 2,450, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani ya bei. Ukitoa kodi kwa kila bidhaa unapata 373.73, mara kumi ni 3,737.30. Ukiitoa kwenye jumla ya 24,500 unapata 3,737.29. Pameingia senti moja. Kijana wa programu atasema senti moja si kitu, na kijana wa uhasibu atasema vitabu havijalingana. Mwenye haki ni wa uhasibu, kwa kuwa tofauti ndogo inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana, na aliyefunga macho kwa senti amejizoesha kufunga macho. Lakini huyo wa uhasibu naye, asipojua kompyuta inavyokadiria, atatafuta mwizi mahali pasipo na mwizi. Iulize Python jumla ya 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004, maana namba hizo kwenye mfumo wa jozi hazina mwisho na mashine huzikata. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Asiyelijua, siku anayoiona ile 4 huko mwisho atadhani kompyuta imerogwa au mtu kachezea.

Kutafuta mwizi mahali pasipo na mwizi si mfano wa kufikirika. Uingereza walifanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Shirika lao la posta lilianza kufunga mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999, na mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha kwenye posta ndogo za vijijini na mitaani. Waliokuwa wakizisimamia walisema hawajagusa kitu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya 900 kati yao walitiwa hatiani kwa makosa ya wizi, udanganyifu na kughushi hesabu. Wapo waliofungwa jela, wapo waliofilisika, wapo waliojiua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuwafutia hatia kwa pamoja.

Kwenye uchunguzi wa hadhara uliofuata hukumu ile ya 2019 ilijitokeza ripoti ya ndani ya mwaka 1998, iliyoandikwa kabla mfumo haujasambazwa. Ndani yake kuna kipande cha msimbo cha kugeuza alama ya namba, chanya iwe hasi. Kazi hiyo ni ya alama moja tu ya kutoa. Mwandishi wake alikwenda mbali: aliichukua namba, akaizidisha kwa mbili, kisha akaitoa kwenye ile ya mwanzo. Tano kutoa kumi, hasi tano. Jibu ni sahihi. Waliokagua walishtuka hata hivyo, na walikuwa na haki, kwa sababu msimbo ule ulionyesha mtu ambaye hisabati za msingi hakuzielewa, na mtu huyo alikuwa amekabidhiwa mfumo wa fedha, ambamo kugeuza alama ndiko kunakotenganisha kilichoingia na kilichotoka. Upande mwingine walikaa wakaguzi, mawakili na mameneja ambao ripoti ya kompyuta kwao ilikuwa ushahidi usiojibiwa. Nikisoma habari zile namwona yule mhasibu wetu wa SACCOS na muhuri wake, na najiona mimi na mstari wangu mmoja wa msimbo. Tofauti ni kwamba kwetu alikuwepo mwalimu mwenye kaunta buku, na aliposema alisikilizwa.

Watu husema hizi ni fani mbili zisizohusiana, zilizofungwa kamba moja na ofisi ya udahili ili kuvutia waombaji. Historia inasema vingine. Maelezo ya kwanza kuchapishwa ya uwekaji hesabu wa maingizo mawili yalitoka Venezia mwaka 1494, ndani ya kitabu cha hisabati cha Luca Pacioli, mtawa aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Kompyuta ya kwanza kupewa kazi za kila siku za biashara, LEO, ilijengwa na J. Lyons, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuza chai na keki kwenye mikahawa yake, na mwaka 1951 ilianza kwa kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizookwa. Kanzidata tunazotumia leo zimesimama juu ya andiko la mwaka 1970 la Edgar Codd, mwanahisabati aliyekuwa IBM, aliyeonyesha kwamba majedwali ya taarifa yanaweza kuchukuliwa kama seti. Kwa hiyo wa ECA anayezikimbia seti mwaka wa kwanza atakutana nazo mwaka wa pili ndani ya SQL, lugha ya kanzidata, zimebadilishiwa jina tu, na hatajua kwa nini zinampiga.

Au tubaki hapa hapa nyumbani. M-Pesa ilianza kama jaribio la mwaka 2005 nchini Kenya la kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo kwa simu. Ikazinduliwa kwa umma mwaka 2007, na Tanzania ikaingia 2008. Simama kwenye kibanda cha wakala uangalie. Umeweka shilingi 10,000: fedha taslimu za wakala zimeongezeka kwa elfu kumi, floti yake imepungua kwa elfu kumi. Mama aliye chini ya mwavuli anaandika yote mawili kwenye daftari, na jioni anajumlisha ili aone kama taslimu na floti bado zinafika mtaji wake. Hayo ni maingizo mawili ya Pacioli, na nyuma yake ipo programu ambayo lazima iandike pande zote mbili kwa pamoja au isiandike hata mmoja, mtandao ukikatika katikati. Katika ukanda huu wenye fedha nyingi kiasi hiki ndani ya simu, kijana anaambiwa achague kama yeye ni mtu wa kompyuta au mtu wa hesabu za fedha, wakati kazi inayomngoja haina mpaka huo.

Yapo mawili ambayo wapinzani wangu wanayasema kwa haki.

Hofu ya disko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, si ya kubuni. Mtoto anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akidisko anapoteza shahada nzima, na nyumbani pengine wapo wadogo zake wanaosubiri afike ili na wao wasogee. Sitamwambia huyo avuke mto wakati wa mafuriko. Namwambia avuke kwa kozi moja kwa muhula, asiibebe pamoja na ile kozi ya lazima inayojulikana kwa kuangusha watu, na aanze kwenda kwa mwalimu kabla ya jaribio la kwanza, asingoje sapu, mtihani wa marudio. Tena atafute mwenzake wa upande wa pili wapige msuli pamoja. Wa PCM akimfundisha wa ECA jedwali la ukweli saa mbili usiku, na wa ECA akimfundisha wa PCM urari saa tatu, chuo kitakuwa kimefanya kazi yake hata kama mihadhara yenyewe ni mibovu. Nimewaona wawili waliofanya hivyo mwaka mzima, kwenye meza ile ile chini ya taa moja ya nje ya maktaba, na sijaona kundi lililojaa watu wa kombi moja likipata faida ya namna ile.

La pili: viko vyuo ambavyo mwaka wa kwanza umefungwa wote, hiari hakuna, na Kenya hilo ni la kawaida zaidi. Huko kinachochaguliwa ni saa za usiku. Kozi zote utazifanya. Ipi utaipa Jumamosi yako?

Lawama haiwezi kubaki kwa vijana na korido peke yao. Idara inayoweka uhasibu na hisabati za diskriti kwenye muda mmoja wa ratiba imeshamchagulia mwanafunzi. Mwalimu anayewafundisha watu wa kompyuta uhasibu uliochujwa mpaka ukabaki tafsiri za maneno, bila kuwafungisha vitabu vya mwezi mzima wa duka hata mara moja, amewathibitishia kwamba somo ni la kupitia tu. Na mshauri wa masomo anayesaini akiwa amesimama angeweza kukaa dakika tatu. Kombi ya kidato cha sita anaiona pale pale kwenye fomu. Aitazame, atazame kozi za hiari zilizojazwa, na kama zinafanana amuulize mtoto kwa nini amekuja kusoma shahada pacha ikiwa nusu yake haitaki. Mimi ningeulizwa hivyo, wale wanachama wasingetozwa.

Mwaka huu mpwa wangu ameingia chuoni kwenye shahada ya aina hiyo, ametoka ECA. Jioni ya usajili alinipigia. "Shikamoo, mjomba. Wenzangu wote wamejaza masoko." Nikamwomba ajaze hisabati za diskriti. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Akajaza. Jaribio la kwanza alipata 11 kati ya 30. Hakunificha, na mimi sikumpamba.

Wiki iliyopita akanitumia picha ya jedwali la ukweli la "kama P, basi Q", kauzungushia wino mstari mmoja. "Mjomba, P ikiwa uongo, mbona sentensi nzima inakuwa kweli? Nimekariri ila sijaelewa." Nikamwandikia: chukua kanuni ya SACCOS, kama mkopo umechelewa, basi utozwe faini. Nitafutie mkopo ulioivunja kanuni hiyo. Akajibu haraka: uliochelewa na haukutozwa. Nikamwambia basi huo ndio mstari pekee wenye uongo kwenye jedwali lake. Mkopo ambao haukuchelewa, utozwe usitozwe, kanuni hiyo haujaivunja.

Zikapita dakika kumi. Kisha: "Lakini mjomba, mkopo ambao haukuchelewa ukitozwa faini, mkaguzi atauliza. Kanuni hii peke yake inaacha mtu aibiwe."

Nikamwambia aandike ya pili. Akaandika: kama mkopo umetozwa faini, basi ulichelewa. Chini yake akachora jedwali jipya, mistari minne, kwa rula.